Maji Yaliyoishia kwa Baba Mdogo

Jumamosi, manyunyu tangu asubuhi. Binti yangu Neema anajifunza kuandika programu, na leo amenichosha. Fanksheni moja, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, ijumlishe maziwa ya ng'ombe wetu, ya pili ioneshe jumla. "Mama, inajumlisha vizuri, lakini mwenzake hapati kitu!" Saa kumi ndipo akagundua hakuandika mstari wa kurudisha jibu. Ya kwanza ilijumlisha, ikakaa nalo. Sijui kama nimeelewa sawasawa, ila nilikumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Kibosho.

Ilikuwa zamu yetu ya maji ya mfereji, mwisho jua kuzama. Mama alisubiri na jembe kwenye maharage yaliyonyauka, na mfereji ulinuka vumbi. Mimi niliamini maji yamechoka kushuka mlima, yamelala kwa baba mdogo, mwenye shamba la juu yetu. Mama akapanda kwa hasira, nami nyuma.

Baba mdogo alikuwa ameketi, anaosha miguu. "Shemeji, mbona mbio? Mimi nimeshamaliza."

"Umemaliza kwako! Na kwangu nani afungue?"

Kizibo chake cha mgomba kilikuwa bado kimeziba njia ya kwetu. Nisimwonee, siku za kusafisha mfereji hakuna aliyechimba kumzidi. Aliking'oa huku akicheka, maji yakashuka yakivuma, lakini jua lilizama na nusu ya maharage ilibaki kavu.

Jioni ile tulikula kiburu, ndizi zilizochanganywa na maharage. Bakuli la kwanza Mama alinituma nimpelekee baba mdogo, huku bado ananung'unika.