Alama Mbili kati ya Tano

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, mpwa wa marehemu mume wa bibi mwenye nyumba alichukua daftari langu juu ya meza ya jikoni akalifungua. Nilikuwa nakausha vikombe. Alipitisha kidole kwenye ukurasa hadi chini, kisha akarudia kutoka juu.

Mwenye nyumba alikuwa Mswidi wa miaka themanini na sita. Alikuwa amefundisha Tanzania kwa muda mrefu kabla ya kuolewa na Mwingereza na kuhamia Great Barr, kwao Uingereza. Nilikuwa mhudumu wake wa asubuhi. Tulizungumza Kiswahili, chake sanifu, changu cha Kenya, na hakuacha kunitania kwa hilo. Lakini akichoka alirudi kwenye Kiswidi bila kujua. Siku moja aliomba kitu mara tatu, nisielewe, mpaka akalia. Lilikuwa blanketi tu. Nilipotoka kazini nilitafuta kitabu cha sarufi, kwa kuwa karibu kila ninachojua nimejifundisha kitabuni.

Nilidhani vivumishi vingekuwa rahisi. Anayesema mti mkubwa na kiti kikubwa hashangai kivumishi kikibadilika. Kwa Kiswidi gari likiwa kubwa ni stor, nyumba ikiwa kubwa ni stort, na vikiwa vingi ni stora. Kisha nikakuta kwamba nyumba ikishajulikana ni ipi, hata ikiwa moja, huitwa stora, kana kwamba kujulikana ni sawa na kuwa nyingi. Bra, yaani nzuri, haibadiliki, kama safi ya kwetu. Lakini neno la udogo lina sura nne: liten, litet, lilla, små. Hilo lilinitesa.

Mwalimu, ndivyo nilivyomwita, alinipima kila asubuhi baada ya chai. Maswali matano, dakika kumi na tano. Kila siku aliyafanya magumu zaidi.

“Kubwa umeliweza, Mkenya,” alisema. “Dogo ndilo linalokushinda.”

“Nipe wiki moja, Mwalimu.”

“Si nilikupa juzi?”

Alama niliziandika mwenyewe pamoja na tarehe; za mwisho zilikuwa nne, tatu, mbili, mbili. Juu ya ukurasa niliandika jina lake, kama tulivyoandika shuleni jina la mwalimu wa somo.

Jina hilo ndilo alilolisoma mpwa. Alikuwa amekuja kuamua kama shangazi yake angeweza kuendelea kuishi peke yake.

“Kumbe unampima kumbukumbu,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Na anashuka. Kuna chumba nilikiona kwenye nyumba ya wazee wiki iliyopita. Nitakichukua leo.”

Kikombe nilichokuwa nakikausha kilikuwa kimekauka zamani. Wakala ulioniajiri haukuruhusu mhudumu kufanya shughuli zake katika saa za mteja, na saa hizo alizilipia huyu huyu mpwa.

“Alama ni zangu,” nikasema. “Anayepimwa ni mimi.”

Hakuniamini. Alilipeleka daftari sebuleni, akamwekea shangazi yake mapajani na kumwuliza ni la nini. Mwalimu alivaa miwani akasoma bila haraka. Alimjibu kwa Kiingereza kwamba ni la mwanafunzi wake, mtu mzima mwenye bidii na kichwa kigumu. Kisha akanigeukia.

“Alhamisi umejiandikia mbili?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Ilikuwa moja na nusu.”

Mpwa alichukua kitabu changu cha sarufi, akafungua popote na kumwuliza shangazi yake. Kila mara alijibiwa kabla hajafika mwisho wa mstari. Baada ya swali la sita alikifunga, akarudisha karatasi za nyumba ya wazee kwenye mfuko wa koti.

“Atabaki hapa,” aliniambia mlangoni. “Lakini masomo yako yalikuwa kwa saa zangu.”

Mchana ule nilipiga simu ofisini nikawapa hesabu mwenyewe: dakika kumi na tano kwa siku kumi na nne, yaani saa tatu na nusu. Mwisho wa mwezi walinikata pauni arobaini na nne na peni kumi.