Mkono wa Kwanza Kushuka

Kwa zaidi ya miaka ishirini Elikana amepima magari kwa bisibisi. Huigusisha ncha kwenye injini inayonguruma, mpini huuweka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha hufumba macho. Gereji yake ya mtaa wa Gungu haina kipimo kingine.

Mwaka huu alianza kubahatisha. Alibadilisha beringi isiyo na kasoro, akaacha ile mbovu, na mwenye gari akarudi amekasirika. Akajiandikisha kozi fupi ya kelele na mitetemo ya magari katika chuo cha ufundi. Alitaka ajifunze kusikiliza vizuri zaidi, kabla wateja hawajamkimbia.

Mwalimu Yunisi, mdogo kuliko binti wa Elikana, aliandika ubaoni: chanzo, njia, mpokeaji. Kelele huzaliwa mahali, hupita mahali, humfikia mtu. Elikana alilielewa somo hilo mara moja. Raba za injini zikichoka, usukani hutetemeka: mtetemo umepata njia.

Kisha mwalimu akawaambia wote wainue mikono, akapiga sauti kwenye spika, ikizidi kuwa nyembamba kidogo kidogo. Asiyesikia tena ashushe mkono. Elikana alikuwa wa kwanza kushusha, akatazama mikono ya wenzake iliyobaki juu.

"Mwalimu, umeme umekatika?" aliuliza.

"Umeme upo, mzee," alisema Dismasi, dereva wa lori aliyekaa nyuma yake. "Labda Gungu ndiko umekatika."

Darasa likacheka. Baada ya kipindi Elikana alitoa bisibisi, akaigusisha kwenye spika, mpini nyuma ya sikio, na kuomba ile sauti irudiwe. Hakusikia kitu.

"Mfupa ni njia tu, baba," alisema Yunisi. "Njia yako haina shida. Sikio la ndani ndilo limekufa, na halitengenezwi. Kazi gani unafanya zaidi?"

"Kutoboa egzosi za pikipiki."

Bodaboda wanaopanda Kalinzi, kule milimani, hupita vijia vyenye kona nyingi kati ya mibuni, na hutaka aliye mbele awasikie kabla hawajatokeza. Elikana ndiye fundi wao. Hutoa matumbo ya egzosi, yale mabati ya ndani yanayopunguza kelele, huwasha pikipiki, huinama karibu na kuvuta mafuta hadi mlio umridhishe.

"Bila kuziba masikio?" aliuliza Yunisi.

"Nikiziba, mlio nitaupimaje?"

Nyumbani alimsimulia mkewe Regina, aliyekuwa ametoka kuuza dagaa sokoni Kibirizi. Regina hakushangaa.

"Siku hizi nikikusemesha nikiwa jikoni hujibu," alisema. "Nilidhani umenichoka."

Wiki iliyofuata dereva alileta Noah inayobeba abiria wa Kalinzi. Gurudumu la nyuma linalia, alisema, mlio mwembamba. Elikana aliinua gari kwa jeki, akazungusha gurudumu, akaweka bisibisi, akafumba macho. Akaweka na kiganja; mlio haukumfikia. Angeweza kubahatisha. Alifikiria mteremko na watu watakaokuwa ndani.

"Peleka kwa fundi Castory, ng'ambo ya barabara," alimwambia dereva.

"Si ulimfundisha wewe, akakuhama na wateja? Mlikuwa hamsalimiani."

"Anasikia."

Noah ikavuka barabara. Haikupita muda, bodaboda akaegesha pikipiki mpya mlangoni.

"Shikamoo mzee. Nataka isikike hadi Kalinzi."

"Marahaba," alisema Elikana, baada ya kuamkiwa mara ya pili. Akatafuta pamba, akaziba masikio, akachukua drili. Hiyo ndiyo kazi iliyombakia.