Makofi Mawili kwenye Mlango wa Lori

Nianze na namna ya kushika, kwa sababu watu wanaosimulia habari ya mdogo wangu huiruka sehemu hiyo, na bila hiyo huwezi kuelewa kilichotokea.

Barabara ya kutoka Magu kuja Mwanza ina kilima kimoja ambacho mwenye gari hakioni. Mwenye baiskeli nzito ya chuma, yenye madumu ya maziwa ubavuni na dada yake kwenye keria, anakiona vizuri sana. Tulikipanda kila siku ya shule. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, yeye cha kwanza, wote shule ya kutwa mjini, na maziwa tuliyowapelekea wateja wa Buzuruga ndiyo yaliyotuweka darasani. Chini ya kilima nilishuka nikatembea. Yeye alisubiri lori.

Malori ya wakati ule yalikuwa ya ushirika, yamesheheni pamba, na pale kilimani mbuzi angeweza kuyapita. Unalisogelea kwa nyuma, upande wa kushoto. Unashika mnyororo wa bodi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto unabaki kwenye usukani. Mkono unyooke, ili lori likipunguza mwendo uwe na nafasi. Hutazami magurudumu yake, unatazama barabara. Mkikaribia kilele, dereva anatoa mkono dirishani na kuupiga mlango kwa kiganja: pa, pa. Maana yake, achia, mlima umekwisha, sasa ninakwenda. Unaachia, unapunga mkono, unamsubiri dada yako.

Sielezi haya ili mtu akajaribu. Nimefundisha watoto wengi kuendesha baiskeli, na jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba lori halishikwi, hata likiwa limesimama. Naeleza ili ujue kwamba halikuwa jambo la kuibia. Yalikuwa mapatano. Dereva mmoja mzee alipomwona mdogo wangu kwenye kioo alikuwa akimpigia kelele.

"Umechelewa leo, bwana maziwa! Ng'ombe kagoma?"

"Shikamoo! Ndama ndiye kagoma!"

"Marahaba. Shika, lakini usinivutie lori nyuma!"

Na aliyemfundisha mdogo wangu kushika alikuwa baba. Yeye mwenyewe, ujanani, alipanda kilima kile hivyo hivyo akitoka kuuza samaki. Alifunga mnyororo kwenye lango la zizi, akamkalisha mwanawe juu ya baiskeli, akamrekebisha kiwiko kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kalamu.

"Unyooshe. Ukiukunja utaingia uvunguni. Na ukisikia makofi mawili, achia pale pale."

"Nisipoyasikia?"

"Usipoyasikia, bado hujafika."

Halafu biashara ya pamba ikafunguliwa. Kwa miaka kadhaa ushirika ulikuwa ukichukua pamba na kuacha ahadi, kwa hiyo wanunuzi binafsi walipofika na fedha mkononi, watu walishangilia, na sisi tulishangilia. Mlango wa gulio la ushirika ukafungwa kwa kufuli. Malori mapya yalikuwa na nguvu. Kilima hakikuyapunguza mwendo. Madereva wake walitoka mbali na walilipwa kwa safari, basi kila dakika iliyopotea ilikuwa hasara yao. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba yale mapatano yamekwisha. Mambo ya namna hiyo hayatangazwi. Mkubwa anayajua kwa kusikiliza mazungumzo ya wakubwa, mtoto anayajua kwa mwili wake.

Asubuhi ile lori lilipunguza mwendo chini ya kilima kwa sababu ng'ombe walikuwa wanavuka. Mdogo wangu akashika. Ng'ombe wakapita, dereva akakanyaga mafuta. Nilikuwa nyuma kwa miguu, na nilimwona akipanda haraka kuliko nilivyowahi kumwona, mkono umenyooka kama alivyofundishwa. Wakafika kileleni. Nikangoja aachie. Hakuachia. Wakaanza kuteremka, nami nikaanza kukimbia, nikipiga kelele ambazo asingeweza kuzisikia. Mbele kulikuwa na basi la upande wa pili limesimama katikati ya barabara kushusha abiria. Lori likakata kushoto kulikwepa, baiskeli ikatupwa nje ya lami, mahali ambapo ukingo umekwenda juu kama ngazi, kisha ikarudi ndani. Gurudumu la nyuma la lori lilipita juu ya mguu wake.

Nilipomfikia alikuwa na akili zake zote. Maziwa yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye nywele zake. "Dada," aliniambia, "hajapiga mlango."

Kikao kilifanyika kwenye ghala la mnunuzi, karibu na mizani. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilipewa kazi ya kumimina chai. Tajiri mwenye lori, ambaye ndiye mnunuzi mwenyewe, alikuwa mtu wa adabu. Alimpa baba pole kwa mikono miwili. Trafiki alikaa kwenye gunia. Swali lilikuwa moja: mtoto yule alishikaje lori? Kama ilikuwa desturi inayojulikana, dereva alipaswa kutazama nyuma, na tajiri alipaswa kubeba gharama za mguu ule. Kama alidandia kwa utundu, basi ni ajali ya mtoto mtundu, na kila mtu arudi nyumbani.

"Mzee, wewe ndiye baba," alisema trafiki. "Tueleze."

Baba alitazama mizani. Lazima niseme kwamba pamba yetu ya msimu mzima ilikuwa imejaa chumba cha mbele, tukilala pembeni yake, na hapakuwa na mnunuzi mwingine aliyefika kijijini. Nasema hivyo ili uelewe. Sijasema nimesamehe.

"Mtoto huyu ni mtundu," alisema baba. "Nimemkataza. Hasikii."

"Watoto wa siku hizi," tajiri akasema kwa upole.

"Watundu kweli," akasema trafiki, akanyoosha kikombe niongeze chai.

Hospitalini, mdogo wangu aliniuliza kabla sijakaa. "Baba kasema nini?"

Nilimwambia.

"Kasema alinikataza?"

"Ndiyo."

"Wewe hawakukuuliza?"

"Hawakuniuliza."

Aligeuza uso akatazama ukutani. Pamba yetu ilipimwa wiki ile ile, na mzani, watu walisema, ulikuwa wa haki.

Mguu uliunga vibaya. Shule ilikuwa mbali kwa miguu, na mbali zaidi kwa mguu mmoja, hakurudi. Nilimaliza peke yangu. Leo anashona viatu, ana mke mwema, na hapandi baiskeli.

Mwanangu alipofikia umri, nilimnunulia baiskeli, nikamfundisha mwenyewe kwenye uwanja mtupu karibu na kwetu Mirongo, taratibu, breki kwanza, mwendo baadaye. Siku ya kwanza ya kwenda barabarani familia ilikuja kumtazama. Mdogo wangu alichuchumaa kwa shida, mguu mmoja umenyooka, akajaribu breki zote mbili, akabonyeza matairi, akatingisha usukani. Baba alikuwa kwenye kiti, mzee sasa, na chai yake.

"Mjomba," mwanangu akamwuliza, "mguu wako ulivunjikaje?"

Nilitaka kujibu mimi. Mdogo wangu alinitangulia, bila hasira, kama mtu anayetaja kabila lake.

"Utundu."

"Utundu gani?"

"Nilikatazwa, sikusikia."

Kikombe cha baba kilibaki hewani. Nilimsubiri. Neno moja tu lilitakiwa, na hapakuwa na tajiri pale, wala trafiki, wala pamba. Alikunywa, akakiweka kikombe chini, akamwambia mjukuu wake: "Umesikia? Basi wewe sikia."

Nilimwondoa mtoto pale, nikaenda naye mpaka ukingoni mwa barabara. Nikamwonyesha lami inapoishia na udongo unapoanzia, na kwa nini asiendeshe juu ya ukingo ule. Kisha nikamwambia kwamba mjomba wake hakuwa mtundu. Alikuwa mtoto aliyefanya sawasawa alivyofundishwa na mtu mzima aliyemwamini, na akaendelea kushika, akisubiri makofi mawili.