Mwana wa Bibi Mlangoni kwa DC

Nikisikia harufu ya nta nyekundu ya sakafu, hasira hunipanda mpaka leo. Wajukuu wangu hukonyezana: bibi ameanza. Niacheni nianze.

Dada yangu Mwajuma alikuwa mwali, yuko ndani anangoja kutolewa. Kwetu Wazaramo mwali hupewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, amlee kama mtoto: amwogeshe, ampake mafuta, alale naye. Wa kwetu alikuwa wa bibi, na shanga za shingoni mwake nilizitunga mimi. Jumbe akaja kumchukua mwana huyo. "Bwana DC anataka kumtazama tu, atamrudisha." Ngoma ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Bibi alisema mwali hatoki bila mwana.

Ndipo mwalimu akatupeleka watoto wa shule kuiona nyumba ya Bwana DC, ile waliyoiacha Wajerumani kule kilimani Kisarawe. Sakafu ilinukia nta na iliteleza, tukatembea tumeshikana mikono kama vipofu, tunacheka kichinichini. Mke wa DC alitugawia biskuti, moja moja.

Nikamwona. Alilazwa chini, amebanwa kwenye mlango wa veranda ili upepo usiufunge. Uso wake umechubuka. Shanga zangu zile zile.

"Mwalimu, huyu mwana wetu! Bibi anamngoja!"

Mwalimu alinifinya sikio. Yule mama akauliza kitu, mwalimu akamjibu kwa Kiingereza huku anatabasamu. Mama naye akatabasamu, akanishika kichwa, akanipa biskuti ya pili. Nikajua wameelewana.

Nilikimbia hadi nyumbani. "Bibi, mwana anarudi!" Bibi akapiga kigelegele, akabandika maji ya kumwogesha. Dada nilimpa nusu ya biskuti. Maji yalichemka, yakapoa, hakuja mtu. Mwishowe dada alitolewa mikono mitupu, na bibi hakucheza.

Yale maneno ya mwalimu niliyashika kwa sauti tu, nikawa nayaimba kila nikitwanga. Nilipofika madarasa ya juu, Kiingereza kikaniingia, na siku moja nikayaelewa. Nilisimama na mchi mkononi.

Alimwambia: "Mtoto anaomba biskuti nyingine."