Nilimwaga Bahari ya Mama Mkwe

Kosa ni langu, na ninalikubali kabla hamjaniuliza. Si la mume wangu, si la watoto, wala si la joto la Lodwar ambalo sisi hapa tunalisingizia kila kitu. Ni langu mimi. Jina sitalitaja, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Mimi ni mtu wa upande wa Kitale. Nimeolewa na Mturkana, bwana mifugo hapa Lodwar, mwanamume mpole ambaye huzungumza na ng'ombe zaidi kuliko anavyozungumza na mimi. Mama yake anakaa nje kidogo ya Kakuma na mbuzi wake. Miaka sita ya ndoa, mama huyo aliniita emoit, yaani mgeni, mtu wa nje. Hakunitukana, hapana! Maziwa alinipa, wajukuu aliwabeba. Lakini nikienda kwake nilikalishwa upande wa wageni, na akitaka kitu alimwita mtu mwingine.

Basi mwaka juzi tukapata likizo ndefu, karibu miezi miwili. Dada yangu ameolewa Tanga, ng'ambo ya mpaka, na nyumba yake iko hatua chache tu kutoka baharini. Tukaenda Kakuma kuaga. Mama akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake kidogo chenye ukanda wa shanga, akaniwekea mkononi. Mimi! Si mwanawe!

"Wanasema iko maji kubwa, mwisho yake haionekani," akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani. "Ati iko na chumvi. Wewe leta kidogo. Mimi nionje, mbuzi pia ionje."

Tukiwa njiani kurudi mume wangu akasema, "Mama hajawahi kuagiza mtu kitu. Hata mimi."

Jamani, nilifurahi! Nilikipakata kile kibuyu kwenye lori mpaka Kitale, na abiria wenzangu wakadhani nimebeba dawa.

Na likizo yenyewe ilikuwa tamu, sitawaficha. Watoto waligeuka samaki. Mimi nilinenepa kwa wali wa nazi mpaka nguo zikalalamika. Mume wangu, mtu wa kuvuka jangwa kwa miguu, alikuwa akiingia majini na fimbo yake ya kuchungia, suruali imekunjwa magotini, na wimbi likija analinyooshea fimbo kama anazuia fahali! Wavuvi wa pale walimzoea, wakawa wanamsalimu, "Mchungaji, leo umeswaga mawimbi mangapi?"

Siku ya mwisho ilifika haraka. Tulikuwa tusafiri jioni kwa basi. Asubuhi dada akatupeleka wote ufukoni, na sufuria la pilau, na mkeka. Watoto wakaapa hawatoki majini mpaka basi lije kuwachukua humo humo. Mume wangu siku hiyo aliiacha fimbo juu ya mkeka, akaingia mpaka kifuani, akatoka anacheka, macho mekundu kwa chumvi. Sijawahi kumwona akicheka vile tena.

Mimi nikachukua kibuyu cha mama nikaingia nacho majini. Nilijitahidi, wallahi! Nilipita penye mchanga uliotibuka, nikafika penye maji safi, nikakijaza, nikakiziba vizuri. Nikasema moyoni, mama, bahari yako hii hapa.

Laiti siku ingeishia hapo!

Saa tisa tunafunga mizigo, akaingia jirani wa dada, Bi Mwanaidi, na sufuria la mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, bado yana uvuguvugu. Harufu yake, ndugu zangu! Mwezi mzima nilikuwa nimempigia magoti anipikie. Nywele zangu vumbi la Turkana limezifanya ufagio, na nilishaona katika akili yangu wake za maofisa wa Lodwar wakinigeukia kanisani.

"Haya shoga, leta chombo," akasema Bi Mwanaidi.

Chombo hakuna. Chupa zote zimejaa achari na asali za kupeleka nyumbani. Nikatazama huku na huku. Jicho likatua kwenye kibuyu.

Nikatoka nacho nje, nikayamimina maji yake penye shina la mpapai. Yote.

Dada alikuwa mlangoni. "Wee! Hayo si ya mama mkwe wako?"

"Maji ni maji," nikamjibu. "Na chumvi inauzwa dukani. Atajuaje, naye hajaiona bahari tangu azaliwe?"

Dada alinitazama tu, kisha akaenda kuwafuta watoto mchanga. Mpaka leo lile jicho lake naliona!

Tukarudi Lodwar siku tatu baadaye, tumechoka tumekuwa vumbi tupu. Mume wangu alipokwenda kuripoti kazini, nikayahamishia mafuta kwenye chupa mbili, nikakisugua kibuyu kwa majivu na maji ya moto. Nikaenda kwenye visima vya mchangani vya mto Turkwel, nikateka, nikatia chumvi vijiko viwili. Nikaonja. Haikufikia ile ya bahari. Nikaongeza cha tatu. Hapo nikakohoa, nikasema naam, hii ndiyo!

Jumamosi tukaenda Kakuma. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kuniharibikia, kwa sababu kumbe mama alikuwa amewaambia watu wote. Wanawake wa maboma ya jirani walikuwa wamejaa kivulini wananisubiri, na mbuzi ameshachinjwa.

"Ejok!" wakanisalimu kwa sauti moja.

"Ejok nooi," nikaitikia.

Mama akatandika ngozi, akapigapiga mahali pa kukaa kando yake. Kando yake! Miaka sita nilikuwa nikipatamani mahali pale. Nilikaa kama nimekalia moto.

Akakifungua kibuyu, akanywa funda moja. Akaliweka mdomoni muda mrefu. Akanitazama. Nilitamani ardhi ya Kakuma ipasuke initie ndani.

Kisha akameza, akainua kibuyu juu. "Ejok, iko mzuri! Ni bahari!"

Basi ikawa sherehe! Maji yakamiminwa kwenye bakuli la mti, likazungushwa. Mmoja anaonja anakunja uso, mwenzake anacheka. Mwanamke mmoja akachovya kidole, akakinusa, akakisugua mkononi. "Angalieni! Kumbe bahari iko na mafuta!" Wakaja wote kujipaka. Mafuta yaliyobaki kwenye kibuyu, jamani, majivu hayakuyamaliza! Na mimi nikajitia kutikisa kichwa, eti ndiyo, bahari ina mafuta. Mbuzi mmoja dume akalamba bakuli mpaka likakauka, akatafuta jingine.

Mume wangu alikuwa anacheka na wenzake, hana habari.

Alasiri mama akaniita nikaangalie mwana-mbuzi. Tukaenda sisi wawili. Tulipofika zizini akasema polepole, bila hasira:

"Hiyo mafuta mimi sijui imetoka wapi. Lakini maji najua. Ni ya Turkwel, pale chini ya Lodwar, karibu na miti ya mikoma. Kiangazi ile mbaya nilinywesha mbuzi pale miaka mbili. Chumvi ni ya duka."

Hapo ndipo nilipojua upumbavu wangu ulivyokuwa mkubwa. Mchungaji wa Turkana umdanganye kwa maji? Hawa ni watu wanaoonja funda moja wakakutajia kisima! Afadhali ningemdanganya kwa kitu kingine chochote duniani.

Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, Bi Mwanaidi, mpapai, nywele. Nililia kama mtoto.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Mbuzi yangu iko na magadi," akasema. "Sikukosa chumvi. Nilitaka kuona, wewe ukienda mbali, utakumbuka mimi."

"Mbona basi hukuniaibisha mbele ya watu?"

"Nikiaibisha wewe, nani amekuoa? Si mtoto yangu?" Akanishika mkono kuniinua. Halafu macho yake yakacheka kidogo. "Hiyo mafuta ya kweli iko wapi?"

Chupa zote mbili nilimletea safari iliyofuata. Alilainishia ngozi zake za kuvaa, zikang'aa! Nywele zangu zimebaki ufagio.

Sasa adhabu yangu. Kakuma nzima inajua mama alikunywa bahari. Akipita mgeni, mwalimu, katekista, dereva wa lori, mama anaanza hadithi. Wakimuuliza ilikuwaje, ananielekezea kidole. "Uliza huyu. Yeye ndiye alileta." Nami nasimulia! Nasimulia ilivyokuwa chungu, inavyonuka, ilivyo na mafuta. Siwezi kusema kweli, maana nikijivua aibu yangu nitamvika yeye, naye ndiye aliyeificha yangu. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi wasomaji, tena bila jina.

Sasa hivi mpaka wa Tanzania umefungwa kwa ugomvi wa serikali zetu, lakini Desemba tunakwenda Mombasa. Bahari ni ile ile. Mwezi uliopita nikamwendea mama na galoni mpya, nimeiosha kwa moyo wote. Nikamwambia, "Mama, safari hii nikuletee nini?"

Akanimiminia maziwa. Akaniambia, "Enda tu, mtoto. Rudi salama."

Nikangoja labda ataongeza neno. Akageukia mbuzi wake.

Nisikilizeni, hasa ninyi wanawake mlioolewa mbali na kwenu. Mtu aliyekaa miaka akikutazama akikuagiza kitu, hata kiwe kokoto, kibebe! Usipime kitu, mpime aliyekuagiza. Mimi nitamletea hayo maji hata kama hakuyaomba, na najua atayaonja, na najua atanishukuru. Lakini kuniagiza, hataniagiza tena.