Dawa Katika Kinu cha Iliki

Sista Perez, muuguzi, alipenda kueleza. Wagonjwa wa zahanati ya mtaa wa Umoja walijua kwamba akikupa dawa ya tumbo, hutoki mlangoni kabla hujajua inapitia wapi na inakwenda kufanya nini huko ndani. Alichora utumbo kwa kalamu nyuma ya bahasha ya dawa. Ngumi yake ndiyo iliyokuwa mfuko wa tumbo. Dawa nyeupe ya maji, ile ya kutikiswa kwanza, huizima asidi iliyokwisha kumwagika. Kapsuli za rangi mbili hazizimi kitu. Kazi yake ni kufunga mifereji yenyewe inayotoa asidi.

"Ile ya maji inapiga deki," alikuwa akisema. "Hii inafunga mfereji. Sasa wewe niambie ipi inataka subira."

Watu walicheka, wakakumbuka. Na kazi haikuisha, maana ukimsikiliza Perez ungedhani mitaa yote ya Eastlands inaungua kifuani: vibarua wa viwanda vya Industrial Area wanaoshinda na chai ya rangi mpaka jioni, akina mama wanaokula vilivyobaki wakiwa wamesimama, wanafunzi wa chipsi na pilipili. Wengi walipata nafuu. Ndiyo maana Mzee Mahmud alimsumbua akili.

Mahmud alikuwa mpishi wa pilau. Hakuna aliyeoa kati ya Pumwani na Njiru, angalau miongoni mwa jamaa zake, bila sufuria zake kubwa kuinjikwa uwanjani. Lakini tangu mwanzo wa mwaka, kila akionja mchuzi, moto ulimpanda kutoka chembe cha moyo hadi kooni. Daktari Ndambuki alimwandikia kapsuli. Perez akachora, akakunja ngumi, akaeleza: moja asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Mahmud akaitikia kila neno. Akarudi vilevile. Akaongezewa kipimo, akarudi vilevile.

Na harusi ya Lela, binti yake wa pekee, ilikuwa imekaribia. Mahmud alikwisha kula kiapo mbele ya ukoo mzima kwamba pilau ya Lela haitaguswa na mkono wa mpishi mwingine. Sasa daktari alikuwa ameshika kalamu kumwandikia aende hospitali kubwa, akaingizwe mpira wenye kamera tumboni, na nafasi iliyopatikana iliangukia wiki ileile ya harusi.

"Mzee, haja kubwa nyeusi kama lami umeona?" Perez aliuliza, walipokuwa wakisubiri karatasi.

"La."

"Kutapika damu? Kukonda? Chakula kukwama kooni?"

"Akonde wapi!" alidakia mkewe, Bi Hikma, aliyemsindikiza siku hiyo kwa mara ya kwanza. "Mtazame hilo shati linavyolia vifungo."

Perez akacheka, akashika bahasha tayari kuchora tena. Kisha akasita. Mifereji alikwisha kumchorea mara ngapi? Mzee huyu angeweza kumfundisha yeye. Jambo moja tu hakuwahi kumuuliza.

"Hebu nionyeshe, Baba Lela. Ukiamka asubuhi, dawa unaimezaje?"

Mahmud akakohoa. "Kama ulivyosema, mwanangu. Nusu saa kabla."

"Mwambie habari ya kinu," akasema Bi Hikma.

"Hikma!"

"Mwambie! Ama nimwambie mimi? Sista, kinu changu cha iliki kimekuwa duka la dawa. Anaifungua ile kapsuli, ganda analitupa, zile punje za ndani anazitwanga tu-tu-tu, anazimwaga kwenye chai ya tangawizi ya moto, anakunywa. Nyumba nzima tunaamshwa na mchi."

Perez akaishusha bahasha. "Lakini kwa nini, Mzee?"

Mahmud alitazama viatu vyake. "Yale maganda," akasema polepole. "Nilisikia mengine hutengenezwa kwa nguruwe. Nikasema nisikukwaze. Wewe umehangaika na mimi, halafu nije nikuulize mambo ya nguruwe?"

"Ungeniuliza tu."

"Basi nakuuliza."

Perez alifikiri. Jibu jepesi lilikuwepo, nalo lingemfurahisha mzee, lakini hakuwa na hakika nalo. "Haya maganda ni ya mnyama, ila mnyama gani sijui. Pakiti haisemi. Nikikuambia najua, nitakuwa nimekudanganya. Lakini zile punje, Baba Lela, kila moja imevaa koti lake. Dawa yenyewe ni nyonge mbele ya asidi. Koti ndilo linaloivusha tumboni hadi kwenye utumbo, iingie kwenye damu, damu ndiyo iifikishe kwenye mifereji. Ukiitwanga..."

"Umeivua koti," akasema Mahmud. Akajipiga paja. "Ni sambusa! Nimetia mafutani sambusa ambayo sikuifunga kingo. Nyama yote imemwagika, mimi nakaa nashangaa mbona natafuna manda matupu!"

"Hapo hapo!"

"Miezi yote nimekunywa chai ya tangawizi tu, wallahi."

Daktari Ndambuki alipohadithiwa, aliweka kalamu chini akacheka hadi miwani ikamteleza. Mfamasia akathibitisha kwamba zipo tembe za kundi lilelile la dawa, zisizo na ganda, zenye koti lao gumu, na akasoma orodha ya vilivyomo bila kukuta kitu cha mnyama. Zimezwe nzima kwa maji, zisitafunwe, zisitwangwe.

"Na kinu?" Daktari aliuliza.

"Nimekificha," akasema Bi Hikma.

Safari ya kamera iliahirishwa kwa sharti: moto usipopungua, au ikionekana dalili yoyote ya damu, Mzee aende, harusi au si harusi. Mahmud akakubali. Siku za kwanza moto haukusikia la mtu, akapoozwa na ile dawa nyeupe. Kisha jioni moja Perez alipigiwa simu, lakini haikuwa sauti ya mzee.

"Sista, niaje? Ni Lela. Buda wangu amekula maharagwe ya nazi na hajashika kifua. Amekaa tu anatuangalia. Tumeanza kuogopa!"

"Mwache aangalie," alisema Perez, na siku iliyofuata alichora utumbo kwa kila mgonjwa kwa furaha ya ajabu, ila kwanza alimtaka kila mmoja aonyeshe anavyomeza.

Siku ya harusi, moshi wa kuni ulitanda uwanjani na harufu ya bizari ikawaita hata wasioalikwa. Perez alisimama kando akimtazama Mahmud akifunua sufuria ya kwanza. Mzee alichota wali kwa mwiko, akapuliza, akatia mdomoni. Akafumba macho. Wasaidizi wake wakasogea, Bi Hikma akashika kanga yake kwa mikono miwili.

Mahmud akameza. Akangoja. Mkono haukwenda kifuani.

"Chumvi," akasema. "Nani ametia chumvi hii kama anapanda mbegu? Ongezeni!"

Vigelegele vikapasuka, na wageni wa upande wa bwana harusi wakageuka kutazama, wakidhani bibi harusi ametoka.