Sumaku ya Shangazi

Picha ilibandikwa ukutani kwenye karakana ya mito, juu kidogo ya cherehani, ili kila anayeingia aione kwanza. Katikati amesimama Mama Mito, anacheka mpaka magego yanaonekana. Kulia kwake yupo seremala, kushoto wapo fundi wa gereji na fundi viatu. Ukingoni kabisa, pale mpiga picha alipokatia, umeonekana mkono mtupu usio na mwenyewe. Umeshika shingo ya gunia, na kifundoni umefungwa kimto cha pini.

Mkono huo ulikuwa wa Shangazi, Mungu amrehemu.

"Wifi, umetoka vizuri," Mama Mito alimwambia siku ilipobandikwa. Mama Mito alikuwa mke wa kaka yake Shangazi, na utani wa mawifi wale haukuwa na likizo. "Hebu tazama kidole gumba kilivyopendeza!"

"Na wewe umetoka vizuri. Meno yote yapo."

Shangazi akacheka, akaaga, akaondoka. Njiani kicheko kikamwisha, likabaki donge.

Maana gunia lile lilikuwa lake. Alikuwa mkataji katika kiwanda cha sare za shule, na kwa miaka mingi aliyaona mabaki ya kitambaa yakitupwa shimoni nyuma ya stoo na kuchomwa moto. Moshi wa nailoni uliingia dirishani mpaka washonaji wakafunga pua kwa kanga. Yeye ndiye aliyemwendea meneja, akaomba mabaki yasichomwe. Yeye ndiye aliyeanza kuyachambua baada ya kazi. Pamba alipeleka gereji, kwa sababu pamba hunywa oili. Vitambaa vizito vilikwenda kwa fundi viatu, akavitia ndani ya soli. Vipande vidogo na nailoni vilikuwa vya Mama Mito, vya kujazia mito iliyowekwa kwenye viti vya seremala. Seremala naye unga wake wa mbao ulikwenda gereji kukausha oili iliyomwagika sakafuni. Kwa hiyo shimo la kiwanda likapoa, mpaka nyasi zikaota ndani yake.

Kila gunia, kabla halijatoka, alilipitishia sumaku. Aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifunga kamba. Chumba cha kukatia kina pini kila mahali, na sindano za mashine zikivunjika huangukia mabakini. Hakuna aliyemwagiza. Aliichovya sumaku ndani ya gunia, akaizungusha taratibu kama mtu anayekoroga uji, akaitoa ikiwa na ndevu za chuma.

Mama Mito hakujua kuchambua. Alichokuwa nacho ni mdomo. Shangazi akikutana na mgeni maneno humkauka; wifi yake aliweza kuingia gereji asikojulikana na kutoka akiitwa dada. Ndiye aliyewakalisha mafundi wale pamoja wakakubaliana nani atachukua nini, na siku gani. Shangazi alilijua hilo, na kulijua ndiko kulikomuuma zaidi.

Wageni kutoka baraza la mji walipokuja kutazama, waliuliza wazo lilikuwa la nani.

"Letu sote," Mama Mito akasema, akatanua mikono.

Letu! Neno hilo Shangazi alikwenda nalo nyumbani, akala nalo, akaliamkia. Hata kanisani alimtazama wifi yake kisogo, akaona kitambaa chake kimekaa vizuri mno kichwani, akachukia na kitambaa.

Juma lililofuata alifunga gunia jingine la vipande. Sumaku ilikuwa mkononi tayari. Akaitazama, akairudisha kwenye msumari wake.

"Akakague mwenye picha," akajisemea.

Gunia likaenda. Siku zikapita, naye hakusikia lolote, akaanza kuamini kwamba halikuwa na kitu. Mpaka jioni moja kaka yake alipopita kumsalimu, akaketi, akanyoosha miguu.

"Mke wangu kachoka leo. Kamaliza mito ya chekechea, ile ya watoto kukalia chini. Seremala ataibeba kesho asubuhi pamoja na madawati."

"Ya chekechea?"

"Ndiyo. Gunia lako la mwisho limeisha lote humo."

Shangazi akamimina chai nje ya kikombe.

"Vipi, dada?"

"Mkono tu."

Alipopiga magoti kabla ya kulala, alifika pale pa kuomba kusamehewa na kusamehe, ulimi ukagoma. Akaanza upya, ukagoma palepale. Akajaribu kumwomba Mungu aziondoe sindano mwenyewe, kimyakimya, pasipo mtu kujua. Akaona haya, akainuka.

Asubuhi hakwenda kiwandani. Alichukua sumaku, akaiviringisha kamba mkononi, akatembea haraka mpaka karakana. Mkokoteni ulikuwa mlangoni, madawati yamefungwa, mito imeanza kupangwa juu. Seremala alikuwa anapokea, fundi wa gereji anarusha, Mama Mito anatoa amri kama kawaida yake.

"Shusheni," Shangazi akasema.

"Karibu, wifi! Umekuja kupigwa picha nyingine?"

"Nimesema shusheni mito."

Seremala akacheka. "Mama, walimu wanasubiri."

"Ina sindano." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Inaweza kuwa na sindano. Gunia lile sikulipitishia sumaku."

Fundi wa gereji akaushika mto aliotaka kuurusha, akaushusha pole pole kama yai. Mama Mito akasogea karibu.

"Ulisahau?"

Mlango ulikuwa wazi hapo. Angesema ndiyo, wangempa pole kwa uchovu wake. Shangazi akaitazama ile picha ukutani, akauona mkono wake.

"Sikusahau. Nilikuwa nayo mkononi. Nilikuonea kijicho, wifi."

Seremala akajifanya anakaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa.

"Watoto wangekalia," Mama Mito akasema.

"Najua."

"Gunia lako huwa silikagui! La mwingine yeyote ningelimwaga chini nikalichambua. Lako nalitia mkono mpaka kwapani, nimefumba macho, kwa sababu ni lako."

Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano yoyote.

"Kaa chini," wifi yake akamwambia, akamtupia kisu cha kufumulia. "Leo hutoki hapa."

Wakafumua mto mmoja baada ya mwingine. Wanaume wakashusha iliyobaki, na seremala akaenda kuwaomba walimu wavumilie. Mito mingi haikuwa na kitu. Kisha sumaku ikafanya tik, ikatoka na nusu ya sindano ya mashine, upande wenye ncha. Mama Mito akaiweka kwenye kiganja, akaitazama muda mrefu. Akaenda nyuma ya karakana, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Shangazi naye alikuwa analia juu ya vitambaa.

Walipomaliza kushona upya, sumaku ilibaki pale, imetundikwa mlangoni. Tangu hapo hakuna gunia lililoingia bila kupitishiwa sumaku hiyo, liwe la nani. Na kila mgeni alipouliza, Mama Mito alimwambia: "Hii ni ya wifi yangu. Wazo ni lake, na kila kitu kilianzia mezani kwake." Aliisimulia habari hiyo vizuri mno, kwa mikono na macho, watu wakasahau kumtazama Shangazi aliyekuwa amesimama hapohapo. Naye akaumwa tena kidogo na kijicho. Hakikumwisha maisha yake yote. Alijifunza tu kukisema mapema, kabla hakijafanya kazi.

"Wifi, leo nakuonea wivu."

"Wa nini tena?"

"Viatu."

"Basi afadhali. Vua vyako tubadilishane."

Bwana alipomwita Shangazi, Mama Mito hakumruhusu mtu mwingine ashone mto wa kuweka ndani ya jeneza. Aliujaza pamba iliyotoka meza ya kukatia ya kiwanda kile. Akaishusha sumaku kutoka mlangoni, akaipitisha juu ya mto, akaigeuza, akaipitisha tena.

"Mama, pamba hiyo tumeshaikagua," fundi viatu akamnong'oneza.

"Niacheni," akasema, akifuta macho kwa kiwiko. "Asije akafika huko akasema nimelipiza."